Siku ya Kliniki ya Mama Mwenyewe

Ingia zahanati yoyote kati ya Musoma, Bunda na Butiama siku ya kliniki, utakuta wanawake ndio wengi kwenye mabenchi. Tazama kadi walizoshika: nyingi ni za watoto au za ujauzito. Huyu kaleta mtoto kupimwa uzito, yule kamsindikiza mkwewe, mwingine kamleta mzee wa nyumbani mwenye kikohozi. Wengi wao, tangu wajifungue kitinda mimba, hawajawahi kuingia chumba cha daktari kwa ajili yao wenyewe wakiwa wazima.

Ninaposema kujitunza, nianzie hapo. Tumezoea kulisikia jambo hili likitajwa pamoja na saluni na mafuta ya ngozi. Sina ugomvi na saluni. Kusukwa huku ukipiga soga na wenzio ni pumziko la kweli. Lakini mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa mwaloni Mwigobero, au anayeshinda kwenye shamba la pamba Bunda kisha akirudi anasubiriwa na kuni, maji na chakula cha jioni, anahitaji kwanza kupimwa kabla hajaugua. Na kipimo ambacho ningemwomba asikikose ni cha mlango wa kizazi.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonyesha kwamba zaidi ya wanawake 10,000 nchini huugua kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Vifo hivi vinauma zaidi kwa sababu vingi vingezuilika. Karibu kila mara chanzo ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani, hata waaminifu katika ndoa zao, kwa hiyo asitafutwe mchawi wala malaya. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikikaa, hubadilisha chembe hai za mlango wa kizazi pole pole, na hadi zigeuke saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Miaka yote hiyo mama hasikii maumivu. Anauza samaki, analima, anazaa, anacheza ngoma harusini. Damu inapoanza kutoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu kali usiokoma, mara nyingi ugonjwa umeshapiga hatua. Kwa hiyo kusubiri dalili ni kuchelewa.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko wengi wanavyodhani. Muuguzi hutumia kifaa kufungua uke, akapaka siki maalumu iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja. Penye chembe zilizobadilika hugeuka peupe. Doa likiwa dogo, linaweza kugandishwa au kuunguzwa kwa joto siku hiyohiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kituo kisicho na mashine ya tiba humpa rufaa. Wanaolengwa hasa ni wenye miaka 30 hadi 50, na kipimo hiki cha siki hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi. Aulize palepale anapochukulia dawa zake.

Sasa mfikirie aliyechelewa. Atahitaji mionzi, na kwa Kanda ya Ziwa mionzi hutolewa Hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Matibabu ni ya wiki kadhaa. Nauli, malazi, mtu wa kumuuguza, genge limefungwa, watoto wako kwa jirani. Dakika za siki zingeiokoa familia nzima.

Najua kinachowazuia wengi: aibu, hofu ya majibu, na ruhusa ya mume. Kuhusu aibu, una haki ya kuuliza kama yupo muuguzi wa kike. Kuhusu mume, nawaambia akina baba waziwazi: nauli ya bodaboda kumpeleka mkeo kituo cha afya ni wajibu wako, wala asiombe mara mbili. Na kina mama, acheni kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za mtaani. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivyo huuchubua na kuvuruga kinga yake.

Ukiwa hapo kituoni, omba pia upimwe shinikizo la damu. Na kama unaishi Majita, Kibara au kijiji kingine cha ufukweni, ambako unafua na kuchota maji ziwani kila siku, ulizia kipimo cha kichocho. Kwa miaka mingi dawa zimegawiwa zaidi kwa watoto shuleni, huku mama zao wakirudi kwenye maji yaleyale.

Binti asisahaulike. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Mama aliyechelewa kuipata bado ana kipimo.

Ninyi wa VICOBA mnaokutana kila wiki kuhesabu hisa, ombi langu ni hili: pangeni siku moja mwezi huu, ulizeni kituo chenu cha afya siku gani kinapima mlango wa kizazi, kisha mwende wote pamoja. Asiye na nauli akopeshwe kutoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi.