Kabla ya Kununua Kioo cha Pili

Dirisha la alumini la kusukuma limekuwa dirisha la kawaida la nyumba mpya za pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Halishiki kutu kama chuma, haliliwi na mchwa kama mbao, na fundi hulitengeneza kwa siku chache. Hata hivyo nyumba nyingi zenye madirisha hayo zina joto kali, na mwenye nyumba anayeona uniti za umeme wa Luku zikiishia kwenye kiyoyozi hushauriwa atoe kioo chake kimoja na kuweka viwili vyenye hewa katikati. Ushauri huo una sayansi ndani yake, na katika nchi za baridi ni sahihi kabisa. Kwa nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, lakini, unaanza kazi mwishoni. Joto linalotusumbua dirishani huletwa hasa na miale ya jua, na miale hiyo huzuiwa vizuri zaidi ikiwa bado nje, kabla haijagusa kioo. Kioo cha pili kina nafasi yake, ila nafasi hiyo huja baada ya kivuli, baada ya upepo, na baada ya kuikagua fremu yenyewe.

Tuanze na jinsi joto linavyopita. Kioo kimoja cha kawaida, kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya nje na ndani, hupitisha takriban wati 5.7 katika kila mita ya mraba. Vioo viwili visivyo na mpako wowote, vikiwa na nafasi ya hewa ya milimita 12, hupitisha takriban wati 2.8. Hewa iliyofungiwa ikatulia ni kipitishi kibovu sana cha joto, na ndiyo inayofanya kazi hapo. Kioo chenyewe hakichangii sana. Kwa hiyo muuzaji anayesema vioo viwili hupunguza joto kwa nusu hadanganyi, mradi tunazungumzia joto linalosukumwa na tofauti ya nyuzi kati ya pande mbili. Jua la moja kwa moja ni habari nyingine. Miale hupenya kioo kinachopitisha mwanga, huangukia sakafu, kitanda na kuta, na huko ndiko inakogeuka kuwa joto. Kioo kimoja cheupe cha milimita 5 huruhusu takriban asilimia 83 ya nguvu ya jua kuingia. Ukiongeza cha pili cha aina hiyohiyo, bado asilimia 72 hivi itaingia. Hewa ya katikati haiwezi kuukamata mwanga.

Sasa tupige hesabu ya dirisha linalotazama magharibi saa kumi jioni, mwezi wa Februari, mjini Dar es Salaam. Tuchukue nje nyuzi 33, ndani nyuzi 25 kwa msaada wa kiyoyozi, na jua la wati 500 kwa kila mita ya mraba ya kioo, kiasi cha kawaida mbingu ikiwa safi. Kwa kioo kimoja, tofauti ya nyuzi 8 inaleta wati 46, na jua linaleta 415. Jumla ni wati 461. Kwa vioo viwili tunapata wati 22 za tofauti ya joto na 360 za jua, jumla 382. Gharama yote ya kioo cha pili imepunguza mzigo kwa asilimia 17 tu. Sasa turudi kwenye kioo kilekile kimoja, tukiwekee nje kizuizi kinachokata robo tatu ya jua. Joto linaloingia linashuka hadi wati 150 hivi, yaani theluthi mbili ya mzigo imeondoka na fundi wa vioo hajaitwa. Ukiongeza kioo cha pili baada ya hapo utaokoa wati nyingine 40 hivi. Ni faida ya kweli, lakini ni ndogo, na haifanani hata kidogo na ile iliyoletwa na kivuli.

Neno la kuzingatia hapo ni nje. Pazia zito la ndani hupunguza ukali wa mwanga, lakini jua likishalifikia pazia limekwisha kuingia chumbani. Pazia hupata moto na kuutoa humo humo. Kivuli cha nje huliacha joto huko huko upeponi. Kukipata si jambo gumu katika latitudo zetu, kwa kuwa jua la mchana hupita karibu na utosi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Dirisha linalotazama kaskazini, lenye kimo cha mita 1.2, hukingwa na jua la adhuhuri la Juni kwa kipaa kinachotokeza sentimita 70 juu yake. Dirisha la namna hiyo linalotazama kusini huhitaji sentimita 36 tu kwa adhuhuri ya Desemba. Kazi ngumu iko mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini na kupita chini ya kipaa. Huko panahitajika vibao vya wima, matundu ya tofali, kiambaza cha mianzi, veranda pana, mti au shata ya kufungwa. Wajenzi wa pwani waliyajua haya zamani: nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina madirisha ya mbao yenye vibao vilivyolazwa, vinavyozuia jua na kuruhusu upepo. Wasanifu waliojenga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 waliufuata ujuzi huohuo kwa kuweka vikinga jua vya zege. Dirisha la alumini liliporahisisha ujenzi, ujuzi huo ulibaki nyuma, na kioo kikaachwa wazi juani.

Jambo la pili ni upepo. Nyumba nyingi za pwani hazikai na kiyoyozi mchana kutwa. Huishi kwa madirisha wazi na feni. Dirisha likiwa wazi, idadi ya vioo vyake haina maana yoyote, kwa kuwa hewa ya nje na ya ndani ni ileile. Kinachompoza mtu hapo ni mwendo wa hewa juu ya ngozi: upepo wa mita moja kwa sekunde unaweza kumfanya ahisi kana kwamba joto limeshuka kwa nyuzi tatu hivi. Na hapa dirisha la kusukuma lina kasoro ya maumbile, kwa sababu bawa moja hujificha nyuma ya lingine, hivyo nusu tu ya nafasi hufunguka. Mwenye fedha za kubadili dirisha zima angepata manufaa makubwa zaidi kwa kuweka la bawaba linalofunguka lote, likiwa na nyavu na kivuli, kuliko kubaki na la kusukuma lililoongezewa kioo.

Tuseme sasa mtu ameshakinga jua, anatumia kiyoyozi, na bado anataka vioo viwili kwenye fremu alizonazo. Swali la kwanza ni kama fremu hizo zinaweza kuvipokea. Madirisha mengi ya kusukuma yametengenezwa kwa mfereji wa kioo cha milimita 5 au 6. Vioo viwili vya milimita 5 vyenye nafasi ya milimita 12 vina unene wa milimita 22, na haviingii humo. Hivyo fundi hulazimika kutafuta bawa jipya, au kupunguza nafasi ya hewa hadi milimita 6, na hapo sehemu ya faida inapotea. Uzito nao huongezeka maradufu: kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa mita ya mraba, viwili vina kilo 25, na magurudumu ya dirisha la kusukuma yaliyochaguliwa kwa uzito wa kwanza yataanza kukwama na kula reli. Kisha kuna alumini yenyewe, inayopitisha joto zaidi ya mara mia kuliko kioo. Fremu isiyo na ukanda wa plastiki ngumu unaotenganisha uso wa nje na wa ndani hupitisha takriban wati 7 katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzijoto. Fremu ya namna hiyo ikichukua sehemu ya tano ya dirisha, punguzo la nusu lililoahidiwa kwenye kioo linashuka hadi asilimia 39 kwa dirisha zima, hata kabla ya kuhesabu hewa inayopenya kwenye brashi za kuziba mianya zilizochakaa.

Uimara nao unastahili tahadhari. Vioo viwili huunganishwa pembeni kwa ukanda wenye chembe zinazonyonya unyevu, kisha huzibwa kwa gundi maalumu kiwandani. Gundi hiyo ikikaa ndani ya maji hudhoofika, mvuke huingia, na dirisha huwa na ukungu wa ndani ambao hakuna kitambaa kinachoufikia. Dawa pekee ni kununua kioo kingine. Kwa sababu hiyo fremu lazima iwe na matundu ya kutolea maji ya mvua, na kioo kikae juu ya vipande vya mpira, kisilale kwenye dimbwi la reli. Fundi anayechukua vioo viwili vya kawaida na kuvibandika kwa silikoni mtaani hajatengeneza kitu kimoja na kile kilichozibwa kiwandani, hata kama kwa macho vinafanana.

Kuna watakaosema kwamba Ujerumani na Dubai hutumia vioo viwili, na kuuliza kwa nini sisi tujinyime. Jibu liko kwenye tofauti ya nyuzi. Majira ya baridi ya Ujerumani, nje panaweza kuwa chini ya sifuri na ndani nyuzi 20. Tofauti ni zaidi ya mara mbili ya nyuzi 8 zetu, hudumu usiku na mchana, na jua linaloingia dirishani ni neema. Dubai, kiangazi hugonga nyuzi 45, na nyumba hufungwa na kupozwa kwa miezi. Zaidi ya hayo, kioo kinachofaa huko ni kile chenye mpako mwembamba wa metali unaorudisha sehemu kubwa ya jua. Vioo viwili vyenye mpako mzuri huweza kuruhusu asilimia 30 tu ya jua, na kwa dirisha letu la magharibi vingeleta wati 160 hivi, karibu sawa na kioo kimoja kilichokingwa. Kwa hiyo anayekaa ghorofa ya kumi, asiye na ruhusa ya kutundika chochote nje, ana sababu nzuri ya kununua kioo cha namna hiyo. Hoteli, ofisi na wodi zinazopozwa siku nzima zina sababu hiyo pia. Kila mmoja wao anunue mpako kwanza, idadi ya vioo baadaye. Kwa nyanda za baridi kama Makete au Limuru, vioo viwili vina mantiki zaidi, ingawa hata huko kuziba nyufa zinazopitisha upepo wa usiku ndiko kunakotangulia.

Hoja nyingine ni kelele, na hii ina uzito kwa wanaoishi kando ya barabara kuu. Lakini vioo viwili vyenye unene sawa, vikitenganishwa kwa milimita 12, hutikisika pamoja kwenye mlio wa hetsi 220 hivi, eneo ambalo malori na mabasi yana sauti nyingi. Nafuu kubwa zaidi hupatikana kwa vioo vya unene tofauti, kioo kimoja kikiwa na tabaka la plastiki ndani, au kwa kuongeza dirisha la pili upande wa ndani, sentimita 10 au zaidi kutoka la kwanza. Njia hii ya mwisho huiacha fremu ya zamani ilivyo. Hata hivyo mianya ikiachwa, sauti itapita humo kama hewa ipitavyo.

Mwenye nyumba wa pwani, basi, afuate mpango huu. Kwanza aangalie ni madirisha yapi yanapigwa na jua la asubuhi na la jioni, ayawekee kivuli cha nje. Pili abadili mipira na brashi zilizokufa, na ahakikishe madirisha yanafunguka vya kutosha kuleta upepo. Tatu, kwa vyumba vinavyopozwa saa nyingi, amuulize muuzaji wa vioo viwili maswali manne: kioo hiki kinaruhusu asilimia ngapi ya jua, kimezibwa wapi, fremu yangu itakibeba, na maji ya mvua yatatokea wapi. Muuzaji mwenye majibu anastahili fedha hizo. Wasanifu na maofisa wanaopitisha ramani za majengo nao wana wajibu mkubwa kuliko wa mnunuzi, kwa kuwa kivuli kilichochorwa kwenye ramani hugharimu zege kidogo na chuma kidogo, ilhali dirisha la magharibi lililoachwa uchi humlipisha umeme kila atakayeishi nyuma yake.