Kivuko, Si Daraja

Kwenye mashamba ya pamba ya Magu, msimu wa kupulizia unapofika, mkulima hushinda juani na bomba la dawa mgongoni, akipambana na vidukari na funza wa vitumba. Siku ya upepo dawa humrudia usoni. Ikiwa ni ya jamii ya oganofosfeti, na imemwingia ya kutosha kwa ngozi au kwa pumzi, mate yanamjaa mdomoni, machozi yanamtoka, tumbo linasokota, mboni za macho zinanywea zikawa kama ncha ya sindano. Kisha kope na nyama za mapaja zinaanza kuchezacheza zenyewe. Akizidiwa, kifua kinajaa majimaji na misuli ya kupumulia inalegea.

Hakuna neva hata moja iliyokatika. Kilichoharibika ni kazi ya nafasi tupu: ufa wa nanomita 20 hadi 50 hivi, mwembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa, unaotenganisha neva na neva nyingine, au neva na msuli. Mahali hapo panaitwa sinapsi.

Wanasayansi waligombana sana juu ya ufa huo. Camillo Golgi wa Italia, aliyebuni rangi ya kuzionyesha seli za neva kwenye hadubini, aliamini kwamba zote zimeungana kuwa wavu mmoja. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliichukua rangi ileile ya Golgi, akachora alichokiona, akashikilia kwamba kila seli inajitegemea na inakoma kabla ya kuigusa jirani yake. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake kuyapinga mawazo ya mwenzake.

Aliyewahi kwenda Sengerema au Geita akitokea Mwanza ataielewa hoja yao akikumbuka kivuko cha kati ya Kigongo na Busisi. Golgi aliona daraja, Cajal aliona maji. Daraja la kweli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko ikawa hadithi. Ubongo nao una madaraja yake, sinapsi za umeme, ambako seli zimeshikana na chaji hupita moja kwa moja. Lakini ni machache. Sehemu kubwa ya ubongo imebaki na vivuko, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kabisa ambao maumbile yaliwahi kuufanya.

Kinachovuka si umeme. Otto Loewi alilithibitisha hilo mwaka 1921, baada ya jaribio lenyewe kumjia ndotoni. Aliichochea neva inayopunguza mwendo wa moyo wa chura, moyo ukapunguza mapigo. Akayachota maji yaliyouzunguka, akauwekea moyo wa chura mwingine ambao haukuguswa na neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo. Ndani ya maji yale kulikuwa na kemikali, ile tunayoiita leo asetilikolini.

Safari yenyewe iko hivi. Mshtuko wa umeme unafika kwenye ncha ya neva, madini ya kalisi yanaingia, vifuko vidogo vinapasukia nje na kumwaga kemikali ufani. Kemikali inavuka kwa muda usiofika sekunde moja ikigawanywa mara elfu, inatia nanga kwenye vipokezi vya ng'ambo, na seli ya pili inaitikia. Kisha gati lazima lisafishwe, la sivyo ujumbe wa pili hautatofautiana na wa kwanza. Kwa asetilikolini kazi hiyo ni ya kimeng'enya kinachokata molekuli zake maelfu kwa maelfu kila sekunde. Oganofosfeti hukifunga mikono kimeng'enya hicho. Abiria wanazidi kushuka, hakuna anayeondoka gatini, na msuli unaoamrishwa bila kupumzishwa mwishowe unashindwa. Daktari huchoma atropini, ambayo hukalia vipokezi vya tezi, moyo na njia za hewa, akirudia mpaka kifua kikauke. Vipokezi vya misuli ya kupumulia havimo katika himaya ya atropini, ndiyo maana mgonjwa huweza kuhitaji mashine ya kumpumulia hata mate yakishakauka.

Vivuko vingine hubeba amri ya kutulia. Sumu ya pepopunda huvizuia hivyo visivuke, huko kwenye uti wa mgongo, na mwili ukakosa breki: taya zinafungana, mgongo unapinda kama upinde. Ukimya mwilini nao unatumwa.

Ila uzuri wa kivuko ni kwamba kinaweza kuongezwa. Mfikirie mtumishi aliyehamishiwa Magu kutoka Tanga. Asubuhi ya kwanza mama muuza dagaa anamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", naye anaduwaa. Miezi mitatu baadaye anaitikia kabla hajafikiri. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha, katika ubongo wa sungura, kwamba sinapsi ikichochewa kwa mfululizo wa haraka hupata nguvu, na nguvu hiyo hukaa kwa saa nyingi. Baadaye sababu ilijulikana. Kuna kipokezi ambacho mlango wake umezibwa na magnesi, na hufunguka tu pale kemikali inapowasili wakati seli ya ng'ambo nayo tayari imesisimka. Sauti ya yule mama na jitihada ya kuitikia vikigongana kwa wakati mmoja, mlango unafunguka, kalisi inaingia, na seli inaongeza vipokezi: gati linapanuliwa. Hayo yakirudiwa siku nyingi, hata vichipukizi vipya vinaota.

Akihamishwa tena, vingi vitanyauka. Si vyote. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba baadhi ya vichipukizi vilivyoota wakati wa kujifunza hubaki kwa miezi, hata mazoezi yakikoma, na panya akirudishwa kwenye zoezi lile huliweza upesi kuliko mara ya kwanza. Yule wa Tanga akishuka siku moja kwenye stendi ya Magu, mtu akamwita kutoka nyuma, "Mwangaluka!", mdomo wake utakuwa umeshaanza kufunguka.