Ulemavu Usiachiwe Mama

Ulemavu una pande mbili. Wa kwanza umo mwilini au akilini: jicho lenye uoni hafifu, mguu usiobeba uzito, sikio lisilosikia, akili inayochelewa kushika mambo. Wa pili uko nje ya mtu: ngazi tatu mbele ya zahanati, mwalimu anayefundisha amegeukia ubao, konda anayemwashiria dereva apite kituo akiona abiria ana magongo. Upande wa kwanza una waganga wake. Upande wa pili uko mikononi mwa watu wanaoishi na mhusika, kuanzia nyumbani hadi ofisi ya mtaa.

Hawa si watu wachache. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilionyesha kuwa asilimia 9.3 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu; ya 2022 ikapata asilimia 11.2. Kenya, katika sensa ya 2019, ilipata asilimia 2.2 tu ya walio na miaka 5 na zaidi. Mtu asidhani kwamba Wakenya wana afya kuliko jirani zao. Kenya ilihesabu wale tu wenye ugumu mkubwa wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na kuwaacha wenye ugumu kiasi. Tena kuna wasiohesabiwa na nchi yoyote. Mtoto anayefungiwa chumba cha uani kwa sababu ukoo unaona aibu, au unaamini kuwa mama alivunja mwiko, karani wa sensa hamwoni.

Kwa muda mrefu msaada ulimaanisha kumtoa mtu kwao na kumpeleka kwenye kituo. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza njia nyingine, yaani huduma za utengamao katika jamii: mhudumu wa kijijini afundishwe mazoezi na mbinu rahisi, naye aifundishe familia. Mwongozo wa 2010 ukaipanua kazi hiyo itoke kwenye afya peke yake na kugusa elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezo wa watu kujisemea.

Kasoro hujitokeza njia hiyo inapofika nyumbani. Kazi inayoitwa ya jamii humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama, au bibi ikiwa mama amekwenda mjini kutafuta. Tuchukue mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hali inayotokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa mfano kwa kukosa hewa, manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Kumlisha peke yake ni kazi ya saa nzima. Lazima akalishwe wima, kidevu kikiinama kidogo, apewe kijiko kidogo kidogo, kwa sababu uji ukiingia njia ya hewa huleta nimonia. Akiachwa chali siku nzima, viungo hukakamaa. Kiti cha kumshikilia kinaweza kutengenezwa kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi uliokwisha kutumika katika nchi kadhaa za Afrika. Kiti hicho hakigharimu sana. Kinachokosekana ni mikono miwili ya ziada ili mama aende shamba au sokoni. Shangazi anayejua kumlisha mtoto huyo bila kuogopa, jirani anayemshika asubuhi mbili kwa wiki, baba anayejua mazoezi yake: huo ndio msaada. Vikundi vya wazazi hustawi kwa sababu hiyo hiyo, maana wanaokutana hubadilishana mbinu na kulindiana watoto.

Mguu kifundo unaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Karibu mtoto mmoja katika kila elfu huzaliwa nyayo zikiwa zimepinda kwa ndani. Tiba iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti huunyoosha mguu polepole kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano au sita, kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa. Nchini Tanzania tiba hiyo hutolewa katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza 1994. Sehemu ngumu huja baada ya plasta. Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma karibu saa zote kwa miezi mitatu, halafu usiku hadi afikishe miaka minne hivi. Mtoto hulia, nao wageni husema anateswa. Viatu vikiwekwa kando, mguu hurudi ulikotoka. Kwa hiyo bibi na majirani, ambao hawakuwahi kuonana na daktari, wana sauti katika tiba hii kuliko wanavyodhani.

Hata hivyo, mara nyingine kituo nacho hakikwepeki. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia 2006 na 2007, watoto wengi walikusanywa shuleni penye ulinzi, kama Buhangija mjini Shinyanga na Kabanga wilayani Kasulu. Maisha yao yaliokolewa, lakini wengine walikua bila kuwajua wazazi wao, na kumrudisha mtoto kijijini ni kazi ngumu kuliko kumchukua. Uzio wa shule hauondoi imani ya mganga wala tamaa ya mnunuzi wa viungo vyao. Kijiji kinachompokea hakina budi kujua pia mambo ya kila siku: kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa Moshi, na dawati la mbele kwa kuwa macho yake hayaoni mbali.

Kwa kiziwi, kizuizi ni ukimya wa wenzake. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, hivyo mtoto anaweza kufika umri wa shule bila lugha yoyote. Kumpeleka bweni akajifunze lugha ya alama ni jambo jema, ila likizoni hurudi kwenye nyumba isiyoijua. Ndugu na marafiki wakijifunza alama mia mbili tatu, maisha ya nyumba hiyo hubadilika.

Majengo ni suala jepesi zaidi, na bado hukosewa. Njia nzuri ya mteremko hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, maana yake kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6. Nyingi hujengwa fupi na kali, za kupigwa picha siku ya uzinduzi. Vituo vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, vilivyofunguliwa 2016, vina sakafu iliyolingana na mlango wa basi. Kufika kituoni kwa kiti mwendo kupitia mchanga na mitaro ni habari nyingine. Vyoo vya shule ndivyo vinavyosahaulika kabisa. Mwanafunzi asiyeweza kuingia chooni hujinyima maji tangu asubuhi.

Riziki hubadilisha heshima kuliko semina. Neema Crafts ya Iringa ilianza 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ikakua hadi kuajiri zaidi ya watu mia moja wenye ulemavu, na katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya kundi hili. Asiyeweza kusoma tangazo ubaoni, au kufika kwa afisa maendeleo, hupitwa.

Ndiyo maana uwakilishi una uzito. Sheria hiyohiyo inaweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na vyama kama cha wasioona, cha viziwi na cha watu wenye ualbino vimeungana katika shirikisho lao, SHIVYAWATA. Kamati hufanya kazi pale inapokuwa na daftari la majina, mkalimani wa lugha ya alama na mahali pa kukutania pasipo ngazi. Watu wenye ulemavu wa akili huwekwa pembeni hata na wenzao. Mzazi anaweza kuwasaidia kujieleza, lakini swali huelekezwa kwanza kwa mhusika, kwa sentensi fupi, kisha hupewa muda wa kujibu.