Mnunuzi wa nyumba na haki yake ya kukagua

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la kidunia tupu, ilhali wanazuoni wetu wameliandikia milango mizima katika vitabu vya fiqhi. Jambo lenyewe ni kununua nyumba, na hasa kuikagua kabla ya fedha kutoka mkononi.

Kwa familia nyingi hakuna manunuzi makubwa kuliko hayo. Mzee amestaafu na kupokea kiinua mgongo chake, au watoto walioko Muscat na London wamechanga, au ndugu wameuza shamba la urithi. Akiba ya miaka 30 yote inaingia mahali pamoja. La kushangaza ni kuwa mama yule yule anayenunua doti ya kanga Kariakoo na kuikunjua yote, akaitazama pindo, mji na jina, huridhika na nyumba baada ya kutembezwa na dalali kwa nusu saa, tena jioni, jua likiwa limeshapoa na nyufa hazionekani.

Wapo watakaosema kuwa wao hukagua. Ukiwauliza wamekagua nini, watakuambia wamekwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha hati, na wamemleta mthamini. Yote mawili ni mema na ya lazima. Lakini hati husema nani mwenye nyumba, na mthamini husema nyumba ina bei gani. Anayeweza kusema nyumba ina hali gani, itasimama miaka mingapi na itahitaji nini masika yajayo, ni mhandisi au mtaalamu wa majengo aliyepanda darini, akachungulia chini ya sinki na kuifunua karo. Kwa Tanzania Bara, wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana bodi yao. Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla ya kukubaliana ujira.

Kuna kizuizi kimoja tunachokisikia mara kwa mara, nacho ni haya. Muuzaji ni mtu wa msikitini, tunasali naye safu moja, amewahi kutuzikia mzee wetu. Tutamletea mhandisi apigepige kuta zake kwa nyundo? Haitakuwa dhana mbaya? Tunawakumbusha wenye hofu hiyo kisa alichokipokea Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Alipomuuliza mwenye nafaka, akajibu kuwa ilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Tukitafakari, mafundisho ya kisa hiki hutolewa zaidi kwa muuzaji, na ni sahihi. Lakini kiko kitendo kilichotangulia maneno: mkono uliingizwa ndani ya lundo. Haikutosha kutazama juu palipokauka. Basi mhandisi anayepanda darini anafanya kazi ya mkono ule, wala hamtuhumu mtu.

Na nyumba za pwani zina majimaji mengi yaliyofichwa chini ya yaliyokauka. Tuanze juu. Kenchi za mbao zisizotiwa dawa huliwa na mchwa kwa ndani, nje zikabaki kama nzima. Mtaalamu huzichoma kwa bisibisi, na ikizama bila nguvu amepata jibu. Dari ya jipsamu iliyofungwa juzi hupendeza macho, ila huficha alama za kuvuja ambazo dari ya zamani ingezionyesha. Kisha zege. Wako wajenzi waliochota mchanga wa baharini kwa kuwa ni wa bure, na chumvi iliyomo huifikia nondo na kuifanya ishike kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo huipasua zege kutoka ndani hadi vipande vidondoke. Mhandisi hugonga nguzo na sakafu ya ghorofa kwa nyundo ndogo akisikiliza. Mahali palipoachana hutoa mlio wa utupu. Fundi rangi anaweza kukifunika kidonda hicho kwa lipu ya asubuhi moja, na ikafika saa kumi mchana hujui kama kilikuwapo.

Nyufa nazo si za aina moja. Ule wembamba kama unywele ulio katika lipu pekee hauna shida kubwa. Unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaoshuka kama ngazi kwa kufuata maungio ya matofali, ukawa mpana kiasi cha kuingia sarafu, hueleza kuwa msingi umezama upande mmoja. Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, nyufa hufunguka na kufunga kila mwaka, wala kuziba kwa saruji hakusaidii kitu. Chini ya kuta, mstari wa chumvi nyeupe na rangi inayobanduka ni dalili ya maji yanayopanda kutoka ardhini kwa kuwa msingi haukuwekewa nailoni. Msomaji akiona nyumba iliyopakwa rangi mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno tu, na aulize sababu.

Kwa ndugu zetu wa Unguja wanaonunua Mji Mkongwe, mambo ni mengine kabisa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua. Mtu akizipiga lipu ya saruji kwa kudhani anaziimarisha, unyevu hufungiwa ndani, na ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani huoza bila kuonekana. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa zama za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo na watu wakapoteza maisha. Kama jumba lenye kutazamwa na dunia nzima linaweza kufikwa na hayo, nyumba ya vichochoroni haistahiki kununuliwa kwa kutazama mlango wake wa nakshi. Nasi wa Dar es Salaam tuliyaona ya Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lenye maduka na watu ndani lilipoanguka na kuua zaidi ya watu 20.

Sasa gharama. Ada hutofautiana kwa ukubwa wa nyumba, umbali na vipimo vinavyotakiwa, kwa hiyo tupige hesabu ya mfano tu. Nyumba inauzwa shilingi milioni 90, na mhandisi anataka laki 9, yaani asilimia 1. Wengi hapa huguna. Lakini ripoti ikionyesha kenchi zimeliwa, na muuzaji kwa uungwana wake akashusha milioni 3 tu, ada imerudi zaidi ya mara tatu. Ikionyesha msingi umezama, mnunuzi amenusuru milioni 89 na laki 1. Na ikionyesha nyumba ni nzima? Wengine husema fedha imepotea bure. Sisi hatuoni hivyo: amenunua usingizi, na watoto wanaolala chini ya dari hiyo.

Ujira huo na ujulikane mapema, kama ilivyo katika kila ijara, na alipe mnunuzi mwenyewe. Mkaguzi aliyeletwa na dalali, au anayesema atapata chake biashara ikikamilika, ana faida katika kunyamaza. Ripoti iwe ya maandishi, yenye picha na sahihi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyoamrisha kuandika madeni na kushuhudisha mauziano, inatufunza tabia hii.

Tunafika kwenye fiqhi yenyewe, nayo ina jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Sheria humpa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauziano, inayopunguza thamani na asiyoijua, ana haki ya kurudisha nyumba na kupewa fedha zake. Haki hii ipo hata kama muuzaji naye hakujua. Dhambi ni ya aliyejua akaficha, lakini kurudisha ni kwa wote wawili. Madhehebu ya Hanbali yanampa pia njia ya kubaki na nyumba na kulipwa tofauti ya thamani. Ila kwa Mashafi, ambao ndio wengi pwani yetu, kurudisha ni papo kwa papo; aliyeuona ufa akaendelea kuishi mwaka mzima bila udhuru, haki imempita.

Hapa ndipo ukaguzi unapokata pande mbili. Kasoro uliyoijua kabla ya kufunga biashara, ukanunua, umeiridhia, na huna khiyari juu yake tena. Kwa hiyo ripoti haifai kuwekwa kabatini hadi baada ya kutia sahihi. Ikishasomwa, kila kilichomo kijadiliwe siku hiyo: ama bei ishuke, ama muuzaji atengeneze kwanza, ama tuachane kwa salama. Kasoro zilizojificha hata kwa mhandisi, haki yake inabaki.

Vipi yale maneno ya kwenye mikataba kuwa nyumba inauzwa kama ilivyo? Kwa Mahanafi sharti hilo humwondolea muuzaji dhamana ya kasoro zote. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa halimwondolei katika mfano wa nyumba. Lakini mahakama zetu hutazama kilichoandikwa, na mzigo wa kujihadhari katika mauziano ya nyumba huangukia mnunuzi. Ndiyo maana tunahimiza khiyari ya sharti iandikwe ndani ya mkataba wenyewe: kwamba mnunuzi ana siku kadhaa za kukagua, na akitaka kujitoa atajitoa. Imam Shafi na Abu Hanifa wameweka ukomo wa siku 3. Imam Malik ametazama ukubwa wa kitu, akaona nyumba inastahiki muda mrefu kuliko nguo. Na Imam Ahmad ameruhusu muda wowote unaojulikana. Siku 3 zinamtosha mhandisi aliyeandaliwa mapema.

Jingine ni arbuni, neno tulilolipokea pamoja na mas-ala yake. Wanazuoni wengi wameharimisha muuzaji kula arbuni mnunuzi akighairi; Mahanbali wameruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 liliruhusu kwa masharti kuwa muda wa kungoja uwe umewekwa. Kwa hiyo asitoe mtu milioni 5 za kishika bei kwa dalali kabla ya kuandikiana nini kitatokea ukaguzi ukileta habari mbaya.

Wenye kununua kwa mali ya mayatima wana wajibu mzito zaidi, kwani msimamizi hana ruhusa ya kubahatisha kwa fedha isiyo yake. Na warithi wanaouza nyumba ya marehemu, ambao pengine hawakuishi humo miaka 20 na hawajui bati linavuja wapi, wanaweza wenyewe kumwita mhandisi na kumkabidhi kila mnunuzi nakala ya ripoti. Ada hiyo igawanywe kwa mafungu yao ya mirathi, na aandikwe nani amelipa kiasi gani, maana tumeona ndugu wakinuniana kwa kiasi kidogo kuliko hicho.