Kwa Nini Padri Humwahidi Askofu Utii

Watoto, wengine wenu mmekwisha kuona padri mpya akipewa daraja takatifu. Mlimwona akipiga magoti mbele ya Askofu, akaweka mikono yake miwili ndani ya mikono ya Askofu, akaahidi kumheshimu na kumtii, yeye na waandamizi wake.

Shikeni sana neno hilo, «waandamizi». Hapa Kindu, Mhashamu Willy Ngumbi Ngengele alianza kuwa Askofu wetu mwaka 2007. Mwaka 2019 Papa alimhamisha Goma, na mwaka 2020 Mhashamu François Abeli Muhoya akachaguliwa kushika nafasi yake. Je, mapadri walirudi kupiga magoti na kuahidi upya? Hapana. Ahadi yao haikumfuata mtu mpaka Goma. Ilibaki hapa pamoja na jimbo.

Desturi ya padri kuwa chini ya Askofu ni ya zamani sana. Lakini kuna wakati ilikaribia kupotea. Turudi nyuma miaka 1300 hivi, katika nchi ya Wafranka, ndiyo Ufaransa ya leo na sehemu kubwa ya Ujerumani. Wazee wa huko walisema kwamba maaskofu hawakufanya mkutano kwa zaidi ya miaka 80. Matajiri walijenga makanisa katika mashamba yao, wakaweka padri wao wenyewe, wakamtuma kazi kama mtumishi wa nyumba. Mapadri wengine walichukua silaha, wakawinda porini na mbwa. Tena wako waliobatiza watu huku wakitoa sadaka kwa miungu ya wapagani, wakala na nyama yake.

Wabaya kuliko wote walikuwa wale waliotangatanga bila mkubwa. Mmoja aliitwa Adalbert. Alisema malaika amemletea vitu vitakatifu kutoka mwisho wa dunia. Alisimamisha misalaba mashambani na kwenye chemchemi, watu wakaacha makanisa yao wakamfuata. Aliwagawia kucha zake na nywele zake, wazitunze kama masalio ya mtakatifu! Na mtu akija kuungama, Adalbert alimwambia: hakuna haja, dhambi zako nazijua, nenda na amani. Msicheke sana. Watu wa namna hiyo hawajaisha duniani. Fikirini yule mama maskini wa kijijini aliyempelekea mtoto wake: angejuaje kama huyu ni padri wa kweli?

Mungu akamtuma Mtakatifu Boniface, Mwingereza. Yeye mwenyewe alianza kwa kutii. Tarehe 30 Novemba 722, Papa Gregori II alipompa uaskofu kule Roma, Boniface aliapa utii kwa Mtakatifu Petro na kwa Papa. Mwaka 742 mtawala Carloman aliita maaskofu, nao pamoja na Boniface wakaweka sheria. Kila padri awe chini ya Askofu wa jimbo anamokaa. Kila mwaka, wakati wa Kwaresima, aende kwa Askofu na kumweleza kazi yake: anabatiza namna gani, anafundisha imani gani, anasali na kusoma Misa namna gani. Askofu akizunguka kutoa Kipaimara, padri awe tayari kumpokea pamoja na watu. Padri au askofu mgeni asiyejulikana asifanye kazi kabla ya kuulizwa vizuri mbele ya mkutano. Na siku ya Alhamisi Kuu, padri aombe Krisma mpya kwa Askofu.

Sheria hii ya mwisho ndiyo naipenda zaidi. Mafuta yale yalikuwa kama muhuri juu ya barua. Hata leo, katika Juma Kuu, Askofu hubariki mafuta matakatifu, nayo hupelekwa katika kila parokia ya jimbo. Mtoto akipakwa Krisma katika parokia ya mbali kabisa, mkono wa Askofu umemfikia.

Na Adalbert? Alihukumiwa Soissons mwaka 744, na tena Roma mwaka 745.

Lakini askofu naye ana sheria yake. Huko Hispania maaskofu wengine waliwatoza mapadri kodi nyingi na kuwafanyiza kazi kwa nguvu. Mkutano wa Toledo wa mwaka 589 ulikataza jambo hilo. Mkutano wa Braga wa mwaka 675 ulikataza maaskofu kuwapiga mapadri fimbo.

Hata Boniface alikosolewa. Padri mmoja wa Bavaria hakujua Kilatini vizuri. Alipobatiza, mahali pa kusema «Baba na Mwana» akasema maneno yenye maana ya «nchi ya kuzaliwa na binti»! Boniface akaamuru watu wale wabatizwe tena. Virgil na Sidonius waliona amri hiyo si sawa. Hawakukimbia, hawakuanzisha kanisa lao. Walimwandikia Papa Zakaria. Mwaka 746 Papa akajibu: padri yule alikosa lugha tu, hakukosa imani, wasibatizwe tena.

Boniface aliuawa na wapagani tarehe 5 Juni 754, na Virgil akawa Askofu wa Salzburg. Leo Eklezya inawaheshimu wote wawili kama watakatifu: Boniface tarehe 5 Juni, Virgil tarehe 27 Novemba.