Mchezo wa Akina Mama: Shilingi Hamsini na Amana Iliyo Ndani Yake



Ni nadra kupata mtaa katika mwambao wetu, tangu Lamu hadi Vanga, usiokuwa na mchezo wa akina mama. Majirani kumi au kumi na wawili hukubaliana kiasi, kila mwezi wakatoa sawasawa, na mmoja wao akapokea zote kwa zamu mpaka kila mtu akapata. Kwa fedha hizo watoto wamelipiwa karo, mapaa yameezekwa mabati, vyerehani vimenunuliwa, na wazazi wamepelekwa hospitali bila ya kwenda kumpigia mtu magoti.

Pamoja na kheri zote hizo, maswali hayeshi. Je, mchezo ni halali? Hauna riba ndani yake? Na mtu ambaye kipato chake ni cha kukaanga viazi vya karai jioni atajiwekea nini cha maana? Makala haya yakusudia kuyajibu maswali hayo kwa mpango, kwani kheri ikikosa mipaka yake hugeuka madhara.

Si jambo geni kwa wanavyuoni

Wako wanaodhani mchezo ni uzushi wa zama hizi. La, hasha. Imam al-Qalyubi, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1069 Hijria (1659), ameutaja katika maelezo yake juu ya sherehe ya Minhaj, kitabu cha Imam Nawawi kinachojulikana vyema katika vyuo vyetu. Ameeleza desturi mashuhuri baina ya wanawake, ya mmoja wao kukusanya kiasi maalumu kutoka kwa kila mwenziwe, kila wiki au kila mwezi, kisha akapewa mmoja baada ya mmoja hadi wa mwisho. Amesema kuwa jambo hilo lajuzu, na kauli hiyo ameinasibisha kwa Waliyyuddin al-Iraqi, aliyefariki mwaka 826 Hijria (1423). Basi wanawake walikuwa wakicheza mchezo takriban miaka mia sita iliyopita, na wanavyuoni wakawakubalia.

Katika zama zetu wako waliolitilia shaka, wakasema kuwa huu ni mkopo uliofungwa kwa sharti la mkopo mwingine. Hata hivyo, Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia, kwa wingi wa wajumbe wake, liliamua mwaka 1410 Hijria (1989) kuwa lafaa, kwa sababu kila mmoja hutoa na hupokea kiasi kile kile, wala hapana anayezidishiwa juu ya mwenziwe.

Hesabu ya hamsini

Tuchukue mfano. Mama aweka kando shilingi 50 kila siku. Kwa siku thelathini ni 1,500. Wakiwa wenziwe pamoja naye ni kumi na wawili, kila mwezi hupatikana 18,000 za mwenye zamu. Mwisho wa mwaka kila mmoja ametoa 18,000, na kila mmoja amepokea 18,000.

Tazama vyema hesabu hii, mama yangu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mchezo hauzidishi hata senti moja. Kazi yake ni kukusanya. Shilingi hamsini zikibaki mkobani huondoka kwa soda na mabuyu, na wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mchezo huzifunga hamsini hizo kwa haya ya majirani, zikarudi zikiwa fungu moja lenye nguvu ya kufanya jambo. Atakayekuahidi kuwa utatoa 1,500 na baada ya muda mfupi upewe maradufu, huyo hachezi mchezo. Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika miradi ya piramidi miaka ya 2006 na 2007 kwa ahadi za namna hiyo.

Yafaa pia kukumbuka hukumu iliyomo ndani yake. Anayepokea mwanzo ni mdaiwa wa wenziwe wote, na anayepokea mwisho amewakopesha wote. Kwa hiyo wa mwisho asijione ameonewa. Imepokewa na Ibn Majah, kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.), kuwa kumkopesha Muislamu mara mbili ni kama kumtolea sadaka mara moja. Naye wa mwanzo asijione amepata bahati tu. Ana deni la miezi kumi na mmoja shingoni.

Panapoingia haramu

Mchezo ulio safi huharibiwa kwa milango mitatu.

Wa kwanza ni kuuza zamu. Mwenye dharura humwambia mwenye zamu ya karibu: "Nipe nafasi yako, nami nikupe mia tano." Mia tano hiyo ni nyongeza juu ya mkopo, na nyongeza juu ya mkopo ni riba. Kubadilishana zamu kwa wema hakuna ubaya, bali ni ihsani. Ili kuepusha ugomvi, zamu zipangwe kwa kura, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri.

Wa pili ni faini ya kuchelewa inayogawanywa kwa wanachama. Wanavyuoni wengi wa zama hizi waliokubali faini wameshurutisha iende kwa masikini, isiingie mfukoni mwa anayedai. Na aliyechelewa kwa dhiki ya kweli haki yake ni kupewa muda, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqarah, aya ya 280.

Wa tatu ndio mpana zaidi: chama kinachokusanya fedha, kisha kikawakopesha wanachama wake kwa asilimia kumi kwa mwezi. Husemwa: "Faida yaturudia sisi wenyewe mwisho wa mwaka." Hata ikiwarudia, jina la riba haliondoki. Lakini iko njia iliyo wazi. Mwanachama ataka cherehani ya 20,000. Chama kiinunue na kuimiliki kwanza, kisha kimuuzie kwa 22,000, alipe 2,200 kwa miezi kumi. Hayo ni mauzo, yenye bidhaa na bei inayojulikana, na bei haiongezeki hata akichelewa.

Mali bila daftari

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqarah 282, yahusu kuandika madeni. Lakini ni michezo mingapi yetu yategemea kumbukumbu ya mtu mmoja? Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la shilingi chache, muandike jina, tarehe, kiasi na zamu, na mashahidi wawili waweke saini. Mkitumiana fedha kwa simu, hifadhini ujumbe wa kila malipo.

Muandike pia litakalokuwa mmoja akifariki, kwa kuwa mauti hayangoji zamu. Aliyefariki kabla ya kupokea, yote aliyotoa ni mali yake, nayo huingia katika mirathi. Wenziwe hawana ruhusa ya kuyasamehe kwa niaba ya warithi. Aliyefariki baada ya kupokea, kilichobaki ni deni, nalo hulipwa katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Jambo hili si dogo. Katika Sahihi Bukhari imekuja habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), naye marehemu alikuwa na deni la dinari tatu bila ya kuacha kitu. Mtume hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile.

Na fedha za matumizi aliyotoa mume kwa ajili ya nyumba ni amana ya nyumba. Mke akitaka kuweka kilichosalia, ni vyema mumewe ajue na aridhie. Ama alichochuma kwa mikono yake mwenyewe, hicho ni chake, na mume hana haki ya kukitwaa bila ya ridhaa yake.

Baada ya kupokea

Kukusanya ni nusu ya safari; nusu ya pili ni kuzalisha. Sayyidna Umar (R.A.), kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik, aliwahimiza walezi wa mayatima wazitie mali za mayatima katika biashara ili zisiliwe na Zaka. Ikiwa hivyo kwa mali ya yatima, seuze yako?

Anayepokea 18,000 azigawe kabla hazijamfikia mkononi. Fungu la kwanza lilipe deni. La pili lihifadhiwe kwa maradhi na dharura, usije ukakimbilia mikopo ya simu yenye nyongeza. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazoendeshwa kwa misingi ya sharia, kama vile Gulf African Bank. La tatu liingie katika biashara unayoijua: unga na mafuta ya mahamri, au jozi chache za leso za kuuza kwa majirani.

Asiyeweza kuuza mwenyewe ashirikiane na anayeweza, kama Bibi Khadija (R.A.) alivyokuwa akiwapa watu mali yake wakaifanyia biashara kwa fungu la faida. Toa 12,000, mwenzio afanye kazi, mkubaliane nusu kwa nusu. Ikipatikana faida ya 3,000, kila mmoja ana 1,500. Ikitokea hasara bila ya uzembe wala khiana, hasara ya mtaji ni yako, na mwenzio amepoteza jasho lake. Kumwambia "nipe elfu moja kila mwezi, upate usipate" hakujuzu.

Mwisho, usiisahau Zaka. Kiwango chake kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na kwa fedha gramu 595. Shilingi 18,000 peke yake hazifiki hapo, lakini jumlisha na akiba nyingine, bidhaa za biashara, na ulichowakopesha wenzio wa mchezo wanaoweza kulipa. Mapambo unayovaa kwa kiasi cha kawaida hayana Zaka katika madhehebu yetu ya Shafii. Dhahabu uliyoifungia sandukuni kuwa akiba ina Zaka. Ikifika kiwango na kupitiwa na mwaka wa Hijria, toa shilingi 25 katika kila 1,000.

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, lifungue daftari la mchezo wenu. Ikiwa halipo, kesho lianzeni. Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu chache, atukinge na riba na madeni, na atujaalie tukutane naye hali ya kuwa hapana anayetudai. Amin.