Mchezo wa Siku Mbili na Simu za Kila Namna

Wazazi wengi huuliza kama ndani ya simu za vijana wao mna kitu kingine ila cha kupotezea wakati. Leo tutazame mchezo mmoja mdogo, jinsi ulivyoundwa.

Mwezi wa Machi 2014, Gabriele Cirulli, kijana Mwitalia wa miaka 19, alitaka kujipima kama aweza kutengeneza mchezo toka mwanzo. Akafanya kazi mwisho wa juma mmoja tu, akaumaliza, akauita 2048. Uwanja wake una vyumba 16, vinne kwa vinne. Hutokea namba, mara nyingi 2, mara chache 4. Ukizisukuma upande mmoja, mbili zilizo sawa zikigongana huwa moja: 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, hivyo hivyo mpaka 2048. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuucheza, na baba yake akashindwa kuuacha! Kabla juma halijaisha, watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wameufungua.

Wazo lenyewe hakulibuni yeye, wala hakujidai hivyo. Mwezi uliotangulia wengine walikuwa wametoa mchezo uitwao Threes, walioushughulikia zaidi ya mwaka mzima. Hawakufurahi kuona mfano wake ukichezwa bure, na mimi naona walikuwa na haki ya kunung'unika.

Sasa, mchezo huo hukaa katika ukurasa wa intaneti, na ukurasa hufunguliwa na programu iitwayo kivinjari. Vivinjari ni vingi, na kila mtengenezaji alikuwa na desturi zake. Amri ile ile mpya, huyu aliitanguliza kwa neno webkit, yule kwa neno moz. Hata kidole kikigusa kioo, kivinjari cha Microsoft cha miaka ile kiliuita mguso kwa jina lake chenyewe. Mchezo uliojua jina moja tu ungekaa kimya kama jiwe. Na mara nyingi anayekosa ni nani, kama si maskini mwenye simu kuukuu?

Cirulli aliziacha amri zote za mchezo wazi, kila mtu azisome na kuzirekebisha. Basi wakaja wasaidizi. Mmoja akaandika namna ya kusukuma namba kwa kidole, mwingine akaufanya uchezeke katika Windows Phone, mwingine akaufikisha hata kwenye Android 2.3, iliyokuwa ya zamani tayari.

Jambo moja ndani ya amri hizo lanipendeza kuliko yote. Mchezo huhifadhi alama zako katika ghala dogo la kivinjari, lakini pengine ghala halipo, au limefungwa. Mchezo hauulizi, "Wewe ni kivinjari gani?" Hujaribu kuandika kitu kidogo ghalani, kisha hukifuta. Ikiwezekana, vema. Isipowezekana, huweka kumbukumbu mahali pa muda, na mchezaji huendelea bila kuona kasoro, ila akifunga ukurasa alama zake hupotea.

Siku hizi tofauti zimepungua, na Internet Explorer ilikomeshwa mwaka 2022, lakini hazijaisha. Kijana atakayejaribu kuunda mchezo wake na aombe simu za majirani, aanze na ile kuukuu kuliko zote, aone kama unafunguka.